Kidonda kisichouma: ngozi ina matabaka mangapi, na chini yake kuna nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Miezi miwili iliyopita nilimwagikiwa na maji yanayochemka kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, na katika kuruka nikaegemea chuma cha jiko lililokuwa na moto, kiwiko kikaungua. Palipomwagika maji pakatoa malengelenge, pakaniuma usiku kucha. Kiwiko kikawa cheupe na kikavu, nikikigusa sisikii kitu, nikajua hapo nimenusurika. Muuguzi akaniambia ni kinyume chake, na kweli: palipouma palifunga ndani ya wiki mbili bila kovu, ila rangi imefifia. Kiwiko kilikataa kabisa, mpaka nikanyolewa ngozi pajani nikabandikwa. La ajabu, paja hilo lililonyolewa limepona lenyewe. Naomba unieleze ngozi ina matabaka mangapi, chini yake kuna nini, na kwa nini paja lipone lenyewe kiwiko kishindwe?"

Marahaba, na pole sana. Umeuliza maswali matatu, lakini mimi naona ni moja, kwa sababu tukishajua joto lilifika wapi na likakomea wapi, mengine yatajieleza.

Kwa hesabu ya wanaanatomia, ngozi yenyewe ina matabaka mawili tu: la juu huitwa epidemisi, na la chini yake demisi. Chini ya hayo mawili kuna tandiko la mafuta liitwalo hipodemisi, ambalo vitabu vingine hulihesabu kuwa tabaka la tatu na vingine hulinyima uraia. Mimi hulihesabu, kwa sababu kidonda hakijali ubishi wa vitabu. Kikishuka, kinashuka.

Epidemisi ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na karatasi ya daftari. Kwenye kope ni nusu ya hapo, na kwenye nyayo hufikia hata milimita moja na nusu. Ndani ya wembamba huo kuna msafara usiokoma. Safu ya chini kabisa ina seli hai zinazogawanyika mchana na usiku: seli moja hubaki mahali pake kuendeleza kizazi, nyingine husukumwa juu. Huyo anayepanda hujijaza keratini, protini ileile ya kucha na nywele, hubapa, hupoteza kiini chake, na akifika juu amekwisha kufa. Kwa hiyo unapojitazama kwenye kioo, unachokiona ni safu 15 hadi 20 hivi za seli mfu, zilizoshikanishwa kwa mafuta kama matofali yaliyojengewa udongo. Ukuta huo mfu ndio unaozuia maji ya mwili yasikauke na vijidudu visiingie. Safari nzima, kutoka safu ya chini hadi kupukutika, huchukua kama wiki nne kwa kijana, na huzidi kwa mzee.

Shika jambo moja hapa, maana tutalirudia: epidemisi haina mshipa hata mmoja wa damu. Chakula chake hupenya taratibu kutoka demisi. Ndiyo maana mkwaruzo wa juujuu huacha mstari mweupe bila tone la damu. Damu ikichomoza, hata kidogo, ujue umeshafika tabaka la pili.

Rangi yako nayo karibu yote imo kwenye epidemisi. Kati ya zile seli za safu ya chini zimejichanganya melanositi, ambazo hutengeneza punje za melanini na kuzigawa kwa majirani kupitia vijimkono virefu. Punje hizo hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, kukikinga na mionzi ya jua. Watu weusi na weupe wana idadi ya melanositi inayokaribiana sana. Kinachotofautiana ni wingi wa rangi, aina yake na namna punje zilivyofungashwa. Ndiyo sababu paa la lengelenge lako lilipobanduka ulikuta chini pana rangi ya waridi. Wanadamu wote tukichunwa kiasi hicho tunafanana.

Humo humo kuna walinzi. Mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alipaka vipande vya ngozi kloridi ya dhahabu akaona seli zenye matawi, akadhani ni za neva. Alikosea: ni seli za kinga, zinazonasa wavamizi na kupeleka taarifa kwenye tezi za limfu. Hatumlaumu. Mwaka uliofuata kijana huyohuyo alieleza visiwa vidogo ndani ya kongosho, ambavyo baadaye vilikuja kujulikana kuwa ndivyo vinavyotengeneza insulini, na vyote viwili vinabeba jina lake mpaka leo.

Tushuke kwenye mpaka wa epidemisi na demisi, mahali ambapo lengelenge lako lilizaliwa. Mpaka huo haukunyooka. Demisi huinua vilima vidogo na epidemisi hushuka mabondeni, mithili ya vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na hapo ndipo alama za vidole zinapopata msingi wake. Mfumo huo huongeza eneo la kushikana, na ndio unaozuia ngozi isichubuke kila unaposukumana na kitu. Kwa wazee vilima hivyo hulala, mpaka ukawa tambarare, ndiyo maana ngozi ya bibi inaweza kuchanika kwa kubanduliwa plasta tu.

Maji ya moto yalipokupata, yaliua epidemisi na kujeruhi sehemu ya juu ya demisi. Mishipa midogo ya hapo ikaanza kuvuja majimaji, majimaji yakainua epidemisi iliyokufa, na hilo ndilo lengelenge. Kwa hiyo lengelenge ni habari mbaya yenye nusu ya habari njema: limekuambia kwamba demisi imeumia, lakini pia kwamba damu bado inatembea pale. Mahali pasipo na mzunguko wa damu hapavuji.

Demisi ndiyo ngozi yenyewe hasa. Kiatu cha ngozi na mkanda unaovaa ni demisi ya mnyama, kwa sababu mtengenezaji ameshaondoa manyoya na epidemisi kwa juu, na mafuta na nyama kwa chini. Ni mfumo wa nyuzi. Kolajeni huipa ukakamavu, na peke yake hufanya karibu asilimia 70 ya uzito wa demisi ikikaushwa. Elastini huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Sakafu ya juu ya demisi ina nyuzi nyembamba zilizolegea, na sakafu ya chini ina nyuzi nene zilizosukwa kwa mielekeo maalumu. Mwelekeo huo ulichorwa mwaka 1861 na Karl Langer wa Vienna, aliyetoboa maiti kwa chombo cha duara na kukuta matundu yanageuka kuwa mipasuo mirefu, kila sehemu ya mwili kwa mwelekeo wake. Wapasuaji bado hufuata mistari yake, kwa sababu mkato unaokwenda na nyuzi huacha kovu jembamba kuliko unaozikatiza.

Katikati ya nyuzi hizo ndimo kila kitu kilimo: mishipa ya damu, neva, tezi za jasho ambazo mtu mzima ana milioni 2 hadi 4, tezi za mafuta, mashina ya vinyweleo, na vijimisuli vinavyosimamisha vinyweleo ukisikia baridi au hofu. Wino wa tatuu nao hukaa humu. Ungewekwa kwenye epidemisi ungepukutika kwa mwezi mmoja. Kwenye demisi humezwa na seli safishaji zisizoweza kuuyeyusha, na mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, wino hunaswa na warithi wao papo hapo.

Sasa maumivu. Ncha nyembamba za neva zinazopokea maumivu na joto zimo sehemu ya juu ya demisi, nyingine zikichungulia hadi ndani ya epidemisi. Kwenye kigasha chako maji ya moto yalizibandua kinga yake bila kuziua, zikabaki wazi, na kila upepo uliopita ukawa mwiba. Kwenye kiwiko ni hadithi nyingine. Chuma hakikumwagika kikapoa kama maji. Kilikaa na joto lake, likashuka likazichoma neva zenyewe. Kengele iliungua pamoja na mlango. Weupe ule ulikuwa tishu iliyoiva isiyopitiwa tena na damu, na ukavu ulikuwa kwa sababu hapakuwa na kilichobaki cha kuvuja. Kama ungebonyeza kwa nguvu huenda ungehisi mgandamizo, kwa kuwa vipokezi vya mgandamizo viko chini zaidi, hadi mpakani mwa mafuta. Mguso mwepesi, hapana.

Muuguzi wako alijua kusoma hayo. Sisi wengine hufanya jaribio dogo la kubonyeza kwa kidole: palipo hai hupauka kisha rangi hurudi, palipokufa hapabadiliki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na nimewahi kuona majeraha yakidharauliwa kwa sababu hiyo, hivyo usitegemee macho peke yake. Gusa, linganisha joto na ugumu na ngozi ya jirani, na uulize mgonjwa anahisi nini.

Kuna jambo la saa za mwanzo ambalo hukuliuliza, lakini linahusu matabaka hayahaya. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Douglas Jackson, alieleza kwamba jeraha la moto lina kanda tatu. Katikati ni tishu iliyokwisha kufa. Inayozunguka hapo inayumba: damu inapita kwa shida, na ndani ya siku mbili tatu inaweza kupona au kufa. Ya nje kabisa imevimba tu na itapona. Ile inayoyumba ndiyo tunayoipigania. Jeraha linaweza kuingia hospitalini likiwa la juujuu na kesho kutwa likawa limezama, bila moto wowote wa ziada. Ndiyo maana huduma ya kwanza ni maji baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 nzima, na yana faida hata zikiwa zimepita saa mbili au tatu. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Barafu hapana, kwa sababu inabana mishipa ya ile kanda inayoyumba na kuimaliza. Dawa ya meno na mafuta hufungia joto ndani na kuchafua kidonda.

Turudi kwenye paja lako, ambalo kwangu ndilo sehemu tamu ya swali. Ngozi ya kupandikiza hunyolewa kwa kisu maalumu kinachopita kama randa juu ya ubao. Huchukua epidemisi yote na kipande cha juu cha demisi, unene wa milimita 0.2 hadi 0.4 kwa kawaida. Maana yake paja lako halikubaki na epidemisi hata kidogo katika eneo lile. Mbona ikarudi?

Ilirudi kutoka chini. Vinyweleo havikuchomekwa tu kwenye ngozi. Kila shina la unywele ni epidemisi iliyojikunja ikazama ndani ya demisi, mashina mengine hadi ndani ya mafuta. Mirija ya tezi za jasho ni hivyo hivyo. Randa ilifyeka juu, lakini mashina yalibaki yamejaa seli hai zenye uwezo wa kugawanyika. Zikapanda juu kutoka kila kitundu, zikatambaa pembeni, zikakutana na wenzake kutoka kitundu cha jirani, na baada ya wiki mbili hivi paja likafunga. Nyasi zilizofyekwa huchipua hivyo, kila shina mahali pake. Kigasha chako kilipona kwa njia ileile.

Kiwiko kilikuwa shamba lililong'olewa mizizi. Joto lilipita demisi yote, mashina ya vinyweleo na tezi za jasho vikafa, na hapo epidemisi ilibakiwa na njia moja, kutambaa kutoka ukingoni mwa kidonda. Kwa kidonda kidogo hilo linawezekana. Kwa kikubwa, mwili hausubiri: hujaza shimo kwa tishu nyekundu ya uponyaji, na ndani yake seli zenye tabia ya misuli huvuta kingo zikaribiane. Mvuto huo ukitokea kwenye kiungo, mkono hujikunja na haukunjuki tena. Upandikizaji ulikuwa wa kufunga kidonda, ndiyo, na pia wa kukuachia kiwiko kinachonyooka.

Kipande kilichobandikwa hakina damu yake siku ya kwanza. Kwa saa 48 hivi hunywa majimaji ya kidonda kilicho chini yake kama sponji, kisha mishipa midogo huanza kuungana, na kwa kawaida ndani ya wiki moja unaweza kuona kama kimeshika. Wazo hilo si jipya: mwaka 1869 Jacques-Louis Reverdin, mjini Paris, alionyesha kwamba vipande vidogo vya ngozi vilivyotawanywa juu ya kidonda vinaweza kushika na kuenea. Miaka mia moja na kidogo baadaye, mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green walieleza njia ya kuotesha seli za epidemisi maabara, na mwaka 1983 watoto wawili nchini Marekani, walioungua karibu mwili mzima, waliokolewa kwa kufunikwa na shuka zilizooteshwa kutokana na ngozi yao wenyewe iliyosalia. Lakini shuka hizo ni epidemisi tupu. Bila demisi chini yake hutoa malengelenge na kubanduka kwa urahisi, kwa sababu hazina vilima vya kushikilia. Kutengeneza demisi ya bandia ni kazi ambayo madaktari na wahandisi wameihangaikia kwa miongo kadhaa. Ipo, inasaidia, lakini bado haioti vinyweleo wala haitoi jasho.

Umeuliza chini kuna nini. Baada ya demisi ni hipodemisi: mafungu ya mafuta yaliyotenganishwa na kuta nyembamba za kolajeni, pamoja na mishipa mikubwa zaidi ya damu. Ni godoro, ni blanketi, ni akiba. Sindano zinakuonyesha matabaka haya vizuri kuliko picha yoyote. Chanjo ya kifua kikuu ya BCG huchomwa ndani ya demisi, sindano ikiwa karibu kulala, na huinua kijipele cheupe. Insulini hupelekwa kwenye mafuta. Chanjo ya pepopunda hupita yote hadi kwenye msuli, sindano ikiwa imesimama wima.

Chini ya mafuta ni fashia, shuka jeupe gumu linalofunga misuli kama gunia. Halitanuki, na hapo ndipo hatari yake ilipo: misuli ikivimba ndani ya gunia hilo inajinyima damu yenyewe. Jeraha la umeme linaogopesha kwa sababu hiyo. Juu unaona alama ndogo ya kuingilia, huku chini msuli umeiva. Usilipime kwa ukubwa wa alama, mpeleke mtu hospitalini. Kisha kuna misuli, kano na mfupa wenye utando wake.

Ila godoro hilo halikusambazwa sawa. Tumboni ni nene, kwenye kope karibu halipo, mbele ya muundi ni kidogo. Kwenye ncha ya kiwiko kuna ngozi, mafuta machache, kifuko kidogo cha majimaji, kisha mfupa. Joto lililoshuka milimita chache kwenye kiwiko lingekuwa bado linatembea ndani ya mafuta kama lingekupata kwenye paja. Ulikuwa karibu na mfupa kuliko ulivyodhani, na sisemi hivyo kukutisha.

Sasa kuhusu siku zinazokuja. Kipande cha kiwiko hakitatoa jasho wala mafuta, kwa hiyo kipake mafuta mazito yasiyo na manukato mara mbili tatu kwa siku. Hisia zitarudi kwa sehemu, taratibu, na mara nyingi huanza na mwasho. Kikingwe na jua mwaka mzima, maana ngozi changa huchora madoa. Kovu likianza kunyanyuka na kuwa gumu, usisubiri, rudi ukaulize kuhusu bandiko la silikoni au bandeji ya kubana, kwa sababu vinafanya kazi vizuri zaidi mapema. Likivuka mipaka ya jeraha lenyewe, hilo ni keloidi na lina matibabu yake. Na kiwiko ukinyooshe hadi mwisho wake mara kadhaa kila siku hata kama kinavuta, kwa sababu kovu huendelea kujikaza kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga.

Kwenye kigasha, chukua kioo cha kukuzia usimame penye mwanga. Ukiona vidoa vidogo vyeusi vilivyozunguka kila unywele katikati ya ngozi iliyofifia, hizo ni melanositi zinazopanda kutoka kwenye mashina. Vitapanuka mpaka viguse vyenzake, na huenda ikachukua miezi.